Kabla hawajamkata kaakaa, ulizia pleti

Kuna swali natamani kila familia huku kwetu, Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa, waliulize siku ileile daktari anapowaambia mgonjwa wenu inabidi akatwe kaakaa. Mnauliza hivi: dokta, nani atamtengenezea pleti ya kuziba tundu litakalobaki, na atamuona lini kabla ya operesheni? Hilo "kabla" ndo lenye kazi. Likiulizwa mapema, mgonjwa ana nafasi kubwa ya kuamka akiwa anameza na anaongea mkamuelewa. Lisipoulizwa anaweza kukaa miezi chai inamtokea puani na watu wanamkwepa kwa sababu hawajui anasema nini, na kinachokosekana ni kipande cha plastiki ambacho fundi mzuri anakiandaa kwa siku chache tu.

Mi nimeyajua haya kupitia mama yangu mdogo. Anafanya biashara ya viazi na maharage, anakusanya Umalila na vijiji vya huko juu, anashusha soko la Mwanjelwa, mzigo mwingine unaenda Dar. Ofisi yake ni simu. Asubuhi mpaka jioni yuko kwenye simu, dereva wa fuso, mnunuzi wa Dar, vijana wa kupakia, yaani mtu anayeishi kwa sauti yake kabisa.

Alianza na kivimbe kwenye kaakaa upande wa kulia, hakiumi, kinakua polepole sana, akakaa nacho akijua ni jino la juu linaleta shida. Sasa kumbe kaakaa lina tezi ndogondogo nyingi sana za mate, na mojawapo ikiharibika inaota uvimbe, mwingine ni wa kawaida mwingine ni kansa, kwa macho huwezi kuutofautisha mpaka wakate kipande wapeleke maabara. Wa kwake ukawa kansa. Sokoni ikasambaa kwamba kakatwa kimeo, maana huku bado wapo watu mtoto akikohoa mwezi wanampeleka kwa mzee akakatwe kimeo (jambo ambalo natamani liishe, watoto wanavuja damu kwa kikohozi ambacho wala hakitoki huko). Lakini hii ni kitu kingine kabisa. Kimeo ni kale kanyama kanakoning'inia nyuma. Mama mdogo waliondoa mfupa, taya la juu upande mmoja pamoja na meno yaliyokuwa juu yake, ikabaki nafasi ambayo ukimmulika tochi mdomoni unaona moja kwa moja ndani ya pua.

Watu wengi hatuwazi kaakaa linafanya nini mpaka litoke. Ndo dari la mdomo, na hapohapo ndo sakafu ya pua. Lile tundu likishakuwepo, mdomo na pua vinakuwa chumba kimoja, ukimeza maji yanapanda juu, ukipuliza mshumaa hewa inatokea puani, hata kunywa kwa mrija haiwezekani kwa sababu huwezi kuvuta. Na kuongea ndo kabisa. Herufi kama P, B, T, D, K, G zote zinahitaji hewa ibanwe mdomoni kwanza halafu iachiwe, sasa hewa haibaniki, inakimbilia puani. B inatoka kama M, D inatoka kama N. Mtu wa mazao anasema "bei" inasikika "mei", anasema "debe" inasikika "neme", na kwenye simu, ambako huoni midomo ya mtu, huambulii kitu. Wateja wa Dar walikuwa wanakata. Wengine walidhani ni mtandao, wengine walidhani amelewa. Akahamia kwenye meseji, ila biashara ya viazi haiendi kwa meseji, bei inabadilika wakati lori liko njiani.

Hospitali alikofanyiwa operesheni siitaji. Uvimbe waliutoa wote vizuri na kwa hilo nawashukuru mpaka leo. Ila hakuna aliyetutajia pleti hata siku moja. Aliamka na mpira wa kulishia puani, tukaambiwa kidonda kikipona ndo "yataangaliwa mambo ya meno". Sisi tukajua wanaongelea mapengo. Hatukujua kwamba hayo mambo ya meno ndo kula kwenyewe na kuongea kwenyewe.

Aliyetufungua macho ni fundi mmoja wa maabara ya meno, mzee wa makamo, mkono wake umejaa plasta ile ya unga muda wote. Alimwangalia mama mdogo mdomoni, akakaa kimya kidogo, akaniuliza, "Mama, modeli ya mdomo wake kabla ya kukatwa iko wapi?" Nikamwambia hakuna. Akatikisa kichwa, halafu akatueleza inavyotakiwa kwenda, na nilichoelewa naandika hapa kwa sababu sijakiona mahali kimeandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka.

Kitaalamu pleti hii wanaiita obtureta, na haitengenezwi mara moja, ni tatu. Ya kwanza inaandaliwa kabla mgonjwa hajaingia chumba cha operesheni. Wanampima, yaani trei yenye ule uji wa aljineti inaingia mdomoni, inaganda, inatolewa, wanamimina plasta wanapata modeli ya taya lake la juu likiwa bado zima. Daktari wa upasuaji anakaa na yule wa meno bandia, anachora kwenye modeli atakata kuanzia hapa mpaka hapa. Fundi anakwangua yale meno ya plasta yatakayoondoka, anatengeneza pleti ya akriliki, plastiki ngumu, inayofuata umbo la kaakaa la zamani la mgonjwa mwenyewe. Siku ya operesheni uvimbe ukishatoka wanajaza gozi (kile kitambaa cha vidonda) kwenye tundu, pleti inakuja juu yake inalishikilia, inafungwa kwa waya kwenye meno yaliyobaki, na kama hana meno wanaishikiza kwa skrubu kwenye mfupa. Mgonjwa akizinduka kaakaa "lipo". Anaweza kumeza, anaweza kusema naomba maji ukamsikia, kidonda kinakingwa na chakula, na mara nyingi ule mpira wa puani unatoka mapema au hauhitajiki kabisa.

Hiyo inakaa kama wiki moja hivi, siku tano mpaka kumi, halafu gozi linatolewa. Inakuja ya pili, ya mpito, na hapa ndo pana kazi kubwa ambayo watu hawaioni. Lile tundu halitulii. Kidonda kinavyopona kinajivuta, umbo linabadilika kila wiki, kwa hiyo pleti iliyokaa vizuri Jumatatu mwisho wa mwezi inavujisha. Inabidi mgonjwa arudi, fundi aongeze ile laini yake, yaani tabaka la ndani linalogusa nyama, mgonjwa aende, arudi tena. Ya tatu, ya kudumu, inakuja kidonda kikishatulia, kwa kawaida miezi mitatu mpaka sita baada ya operesheni, na kama mtu alipigwa mionzi inasogezwa mbele zaidi. Hiyo ndo inakuwa na meno kamili, na kama mtu ana meno yake mengine mazima inawekewa fremu ya chuma cha kobalti na kromiamu yenye vishikio vinavyokumbatia yale meno.

Kuna kitu alinionyesha kwenye ile ya kudumu nikavutiwa sana. Sehemu inayopanda kuziba tundu ni nene, ingekuwa akriliki tupu ingekuwa nzito na mvutano wa dunia ungeishusha kila akifungua mdomo, kwa hiyo wanaifanya iwe na uwazi ndani, tupu kama kibuyu. Fundi akaniwekea mkononi mbili, moja iliyojaa na moja yenye uwazi, tofauti unaisikia hapohapo. Na ukubwa wake ni wa kupima kwa subira, ikipanda kidogo inavuja, ikipanda sana inachubua na inaziba pua asipumue. Kuijaribu anamkalisha wima, anampa maji anywe, anamwambia sema papa, sema baba, sema kuku, sema sisi, halafu anarudi kwenye benchi yake kukwangua. Anarudia, anakwangua, anarudia. Mi naona hawa mafundi hawapewi heshima wanayostahili. Daktari tunamjua jina, fundi hata hatuoni sura yake, yuko nyuma kwenye chumba cha nta na plasta, wakati kama mtu ataongea na wajukuu wake ama hataongea, sehemu kubwa iko kwenye vidole vyake.

Jambo la meno yaliyobaki lilinigusa kwa sababu kwetu mtu akiwa na jino la kuuma dawa ni kung'oa. Kwa mgonjwa wa kaakaa kila jino zima la juu ni nguzo. Pleti itashikwa na nini kama upande mmoja hauna mfupa na upande mwingine hauna meno? Kuna mtaalamu anaitwa Mohamed Aramany ambaye mwaka 1978 aliyapanga matundu haya katika makundi sita kulingana na sehemu iliyoondoka na meno yaliyobaki, na mpaka leo wataalamu wanatumia mpangilio huo kuamua fremu ikae vipi. Kwa hiyo daktari wa upasuaji akiweza kubakiza jino moja zaidi kule mbele bila kuacha kansa, anamsaidia mgonjwa sana, na hilo linawezekana kama alikaa na mtu wa pleti wakaongea kabla. Ndo narudi palepale.

Asiye na meno kabisa hali yake ni ngumu zaidi, ila wapo wanaosaidika, mwingine kwa vipandikizi vya skrubu kwenye mfupa, mwingine kovu lenyewe la ndani ya shavu linajivuta linakuwa kama ukingo wa kushikilia pleti, ndo maana wakati mwingine utaona wamechukua ngozi ya pajani wakaibandika ndani ya shavu.

Sasa pale tulipoenda kliniki tulikutana na baba mmoja wa Makambako, naye kakatwa upande mmoja wa kaakaa, operesheni yake ilikuwa baada ya ya mama mdogo. Yeye alipimwa kabla. Nilikaa naye kwenye benchi tukapiga stori ya mahindi na bei ya mbolea muda mrefu tu, nikadhani kamsindikiza mtu. Mpaka alipoitwa yeye ndo nikajua ni mgonjwa. Nilifurahi kwa ajili yake, kweli kabisa, lakini nilimwangalia mama mdogo ameziba mdomo na kitenge pembeni yangu, roho ikaniuma sana.

Na si kwamba ni ugunduzi wa juzi. Daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Ambroise Paré, aliandika kuhusu vizibo vya kaakaa miaka ya 1500, bati la dhahabu au fedha lenye sponji juu yake inayovimba ikilowana ili lisishuke. Mwaka 1893 rais wa Marekani, Grover Cleveland, alifanyiwa operesheni ya siri kwenye boti ya kifahari, wakamkata sehemu ya taya la juu kushoto na kaakaa, halafu daktari wa meno akamtengenezea kizibo cha raba ngumu, na sauti ikarudi vizuri kiasi kwamba nchi haikujua, habari kamili ilitoka 1917 na yeye alishakufa tangu 1908. Kwa upande mwingine kuna Sigmund Freud, yule daktari maarufu wa mambo ya akili, alikatwa mwaka 1923 na akaishi na kizibo mpaka alipofariki London 1939, na chake kilimtesa, hakikukaa sawa, kilichubua, kikarekebishwa mara nyingi, katikati ya hapo akafanyiwa operesheni zaidi ya 30. Nawaza hao wawili mara kwa mara. Ni aina moja ya kifaa, tofauti ni tundu lenyewe na jinsi kilivyokaa.

Mama mdogo naye alihitaji mionzi, akaenda Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar. Hapa kuna mambo mawili naomba msiyaache yapite. La kwanza ni meno mabovu yashughulikiwe kabla ya mionzi kuanza, kwa sababu mfupa uliopigwa mionzi ukija kung'oa jino baadaye unaweza usipone, ukafa, na hiyo ni shida nyingine kubwa. La pili ni mdomo kukaza. Misuli ya taya inakakamaa polepole, leo vidole vitatu vinaingia wima kati ya meno, baada ya miezi kinaingia kimoja, na mdomo usipofunguka hata pleti nzuri namna gani haipiti. Zoezi lake ni rahisi na halina gharama, vile vijiti bapa vya mbao vya kukandamizia ulimi, unavipanga kimoja juu ya kingine unaviingiza kati ya meno, unashikilia, kesho au wiki ijayo unajaribu kuongeza kimoja. Mara kadhaa kwa siku, kila siku, na uanze mapema, usisubiri ukaze. Mama mdogo alikuwa anafanya akiwa amekaa juu ya magunia huku anahesabu hela.

Mate nayo yanakauka. Na huku kwetu Juni na Julai upepo wa baridi ni mkavu, lile tundu lilikuwa linafanya magamba yanayonuka, akawa anaona aibu hata kukaa karibu na watu kanisani. Dawa ilikuwa kuosha tundu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kwa bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, asubuhi na jioni na baada ya kula. Harufu iliisha.

Kwenye kula, watu wanadhani uji na chai ndo rahisi, kumbe pleti ikiwa inavuja kidogo vya majimaji ndo vinapenya kwanza. Ugali laini, ndizi zilizopondwa, viazi, hivyo alivimudu mapema. Maharage maganda yake yanabaki juu ya pleti, kwa hiyo anayapondaponda. Tonge dogo, atafune upande wenye meno yake, kichwa wima, asilale mara baada ya kula.

Usafi wa pleti: mswaki laini na sabuni ya kawaida isiyo kali, usugue juu ya beseni lenye maji ili ikikuponyoka isipasuke. Dawa ya meno inaikwaruza. Maji ya moto yanaipinda na ikishapinda imekwisha. Ikitoka mdomoni ikae kwenye maji safi, isiachwe ikauke dirishani. Miezi ya mwanzo mgonjwa analala nayo, kwa sababu tundu linajivuta haraka sana, ukiivua usiku kucha asubuhi inaweza isiingie, baadaye kidonda kikitulia daktari atawaambia usiku aivue nyama zipumzike, vinginevyo unaota utando mweupe wa fangasi. Ikivunjika, tafadhali, supa glu hapana. Nimeona mtu kafanya hivyo. Ile gundi haikutengenezwa kwa kidonda cha ndani ya pua, na ikishagandia vibaya fundi hawezi tena kuunganisha vipande vikae kama vilivyokuwa.

Mtu ataniuliza, kwani hawawezi kuziba kwa nyama ya mwilini? Wanaweza, kwa baadhi ya wagonjwa wanahamisha nyama au mfupa na mishipa yake ya damu kutoka mguuni au mkononi, ni operesheni ndefu inayotaka timu kubwa na vifaa. Inafaa hasa tundu likiwa kubwa mno. Ila pleti ina faida moja ambayo familia nyingi hazijui, unaivua, daktari anamulika tochi, anaona ndani kote, kansa ikianza kurudi anaiona mapema. Mi kwa mtu wa umri wa mama mdogo, ambaye uvimbe wake ni wa aina inayoweza kurudi hata baada ya miaka, naona pleti ilikuwa chaguo sahihi. Kaakaa laini, lile la nyuma, ndo lina ugumu wake, kwa sababu lenyewe huwa linacheza juu na chini na plastiki haichezi, kwa hiyo wanatengeneza mkia unaoenda nyuma na kuta za koo zinajifunza kuubana. Hao wanahitaji na mazoezi ya kuongea, pleti peke yake haitoshi.

Shida kubwa ya sisi wa Nyanda za Juu ni umbali. Hii si miwani unayochukua ukaondoka nayo moja kwa moja. Ni kurudi na kurudi, na kama fundi wako yuko Dar ni zaidi ya kilomita 800 kwa basi, usiku kucha, Kitonga na Mikumi, kwa ajili ya kukwangua sehemu inayochubua ambayo kazi yenyewe ni nusu saa. Wengi wanakata tamaa hapo, pleti inawekwa kabatini, tundu linabadilika umbo, mwaka ukipita haiingii tena. Kwa hiyo kabla ya operesheni ulizia na hili, marekebisho madogo tunaweza kufanyiwa wapi karibu na nyumbani, na kama yupo mtu wa meno karibu mwambieni daktari wenu amwandikie barua ya maelezo, afahamu kilichokatwa ni nini na pleti imekaaje, aweze kupunguza au kuongeza bila kubahatisha. Modeli ya plasta ombeni mpewe muitunze. Ni nzito, inachosha kuibeba, lakini pleti ikipotea ile modeli inampunguzia fundi kazi ya kuanza upya.

Mama mdogo ana pleti yake ya kudumu sasa. B yake ni B. S bado inapiga mluzi kidogo akichoka, na akicheka sana anaishikilia kwa ulimi. Bei anapanga kwenye simu mwenyewe. Siku hizi upande wa nyuma umeanza kulegea, supu inapenya kidogo, fundi kasema amletee aiwekee laini mpya, tunaenda akimaliza kupakia maharage ya msimu huu.